UZI: Madodoso 240 niliyoyatupa Micheweni, na nilivyojifunza mbinu za utafiti kuanzia hapo

MtotoWaKonde:

Assalaam alaykum. Wiki hii vijana watatu wamenifuata pembeni, wote wako masta, wote na swali lile lile: "Kaka, sura ya tatu inaandikwaje?" Kwa wasioijua, sura ya tatu ndiyo ya mbinu za utafiti. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, atakayetaka asome.

Mimi yangu niliiandika kabla sijakanyaga shambani. Niliichukua kwa mwenzangu aliyenitangulia mwaka mmoja, nikabadilisha jina la wilaya na idadi ya watu. Msimamizi aliipitisha. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mada yangu ilikuwa mchango wa kilimo cha mwani katika uwezeshaji wa wanawake, Wilaya ya Micheweni, Pemba, shehia tatu (shehia ndiyo ngazi ya chini ya utawala kwetu). Sitozitaja, na huko mbele mtajua kwa nini. Dodoso nililipata kwenye tasnifu ya mtu wa nchi nyingine kabisa, la Kiingereza, nikalitia Kiswahili usiku mmoja. Maswali 48. Nikatafuta wadodosaji wanne, vijana wa hapo hapo, tukaingia kazini Jumatatu saa nne asubuhi.

Anayeijua pwani keshacheka. Jumatatu ile ilikuwa bamvua, zile siku ambazo bahari inajaa sana na kutoka mbali sana. Saa nne asubuhi ya bamvua maji yameshatoka, na kila mwenye mwani yuko huko chini anafunga au anavuna. Tuliowakuta majumbani ni wagonjwa, wazee, na wale waliokwisha kuuacha mwani zamani. Ndio tuliowahoji siku tatu mfululizo, juu ya faida za mwani.

Siku ya nne nilikaa mwenyewe na bibi mmoja aliyewahi kurudi. Nikamsomea: "Mwezi uliopita ulipata kipato cha shilingi ngapi kutokana na mwani?"

Akanitazama. "Mwezi gani mwanangu, wa kuandama au wa ofisini?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi nahesabu bamvua," akasema. "Mwani huu nimeupanda bamvua la juzi, kuvuna bado. Sasa huo mwezi uliopita nikwambie nini, sifuri?"

Nikaandika sifuri. Wallahi niliandika sifuri, kwa sababu dodoso lilitaka tarakimu.

Mwani unachukua kama wiki 6 tangu kufungwa kambani mpaka kuvunwa, halafu uanikwe, halafu mnunuzi aje. Ukiuliza kwa mwezi wa kalenda, mmoja atakwambia sifuri, na jirani yake mwenye shamba sawa na lake atakwambia pesa za wiki 6. Kompyuta itamwona mmoja fukara na mwenziwe tajiri, na wewe utaandika ukurasa mzima juu ya tofauti ya kipato ambayo haipo.

Halafu yale maswali ya "nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa". Nilikuwa nayo 20. Watu wetu ni waungwana. Mgeni kaja na barua ya chuo, kakaribishwa ukumbini, kamiminiwa chai, aje aambiwe "sikubali kabisa"? Nakubali mwanangu, nakubali, endelea. Nilipoingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa majibu, ikatoka 0.93. Vitabuni wanasema 0.7 inatosha. Nilifurahi, msimamizi akafurahi, mpaka tulipofika mbele ya jopo na mtahini mmoja akauliza jambo moja tu: "Maswali yako yote 20 yanausifu mwani?"

Yote yalikuwa yanausifu. Alfa inatazama kama majibu yanakwenda pamoja. Mtu aliyesema nakubali tangu la 1 hadi la 20 huku anamtazama mtoto wake asianguke kisimani, majibu yake yanakwenda pamoja vizuri mno.

Niliporudi kuyakagua madodoso kwa mkono nikakuta 31 yamefanana, hata kwenye umri. Vijana waliyajaza chini ya mwembe. Siwalaumu sana. Nilikuwa nawalipa kwa dodoso, si kwa siku.

Yote 240 nikayaweka kando. Mama aliniomba ayafungie bajia, nikamwambia haiwezekani, mna siri za watu humo. Nikayachoma mwenyewe nyuma ya nyumba.

Naendelea baada ya Isha.

Forodhani_Usiku:

Mkuu hadithi tamu, lakini si kuna watu wanaandika tasnifu nzima kwa malipo? Bamvua la nini tena.

MtotoWaKonde:

Wapo. Ila siku ya utetezi hawaji kukukalia kiti.

Bint_Mtambwe:

Ahsante kaka. Mimi nimekwama kwenye sampuli, yaani nihoji watu wangapi. Nina orodha ya wakulima 600, msimamizi kasema nitumie fomula ya Yamane, nimepata 240 (kama wewe, sijui ni bahati mbaya). Mwenzangu ana 600 vile vile, katumia jedwali la Krejcie na Morgan kapata 234. Nani kakosea?

MtotoWaKonde:

Hakuna aliyekosea, dada. Yamane ni idadi yote, gawa kwa 1 jumlisha idadi yote mara e kipeo cha pili. Hiyo e ni kosa unalolikubali, wewe umeweka 0.05. Kwa hiyo 600 mara 0.0025 ni 1.5, ongeza 1 unapata 2.5, gawa 600 kwa 2.5 ni 240. Jedwali lile la 1970 linafanya hesabu ya namna hiyo hiyo, ila linatumia 1.96 pale ambapo Yamane anakadiria 2. Tofauti ya watu 6 si ya kugombana.

Cha kugombania ni kwamba hesabu zote mbili zinachukulia kuwa watu hao utawapata kwa nasibu, kila jina kwenye orodha lina nafasi yake. Ukishapata 240 yako kwenye karatasi ukaenda kusimama dukani ukawahoji wanaopita, ile 240 ni pambo. Nimeziona tasnifu ngapi zina fomula ukurasa wa 40, na ukurasa wa 41 pameandikwa "watafitiwa walipatikana kwa urahisi wa kufikika". Fomula hiyo ilikuja kufanya nini?

Na hiyo orodha ya 600 umeitoa kwa nani?

Bint_Mtambwe:

Kwa katibu wa ushirika.

MtotoWaKonde:

Basi mna waliokufa, waliohamia Unguja, na walioandikwa ili kikundi kitimie. Na hamna wale wanaolima peke yao bila kikundi. Safari ya pili mimi nilikaa na wanawake watatu wa kijijini, wa rika tofauti, nikawasomea majina moja moja. "Huyu?" "Huyu kaolewa Tanga." "Huyu?" "Huyu hata maji ya magoti haingii." Asubuhi moja tu. Nilifuta majina 41 na nikaongeza karibu 60. Hakuna programu ya kompyuta itakayokufanyia kazi hiyo.

MaalimTakwimu:

Naomba niingie hapo kidogo. Bibie, hao 600 wako shehia ngapi?

Bint_Mtambwe:

Tatu, Maalim.

MaalimTakwimu:

Na kichwa cha tasnifu kinasema wapi?

Bint_Mtambwe:

Kinasema… Pemba.

MaalimTakwimu:

Ndiyo niliyoyaogopa. Kama unazungumzia shehia tatu hizo na si zaidi, 240 yako inasimama. Kama unazungumzia Pemba, basi hukuchota watu 240, umechota mafungu matatu. Watu wa shehia moja wanafanana: ghuba moja, mnunuzi mmoja, njia moja ya kwenda sokoni. Kufanana huko kunapimwa. Tuseme kipimo chake ni 0.05 tu, kidogo kabisa. Umechukua watu 80 kila shehia. Toa 1, zidisha 79 kwa 0.05, ongeza 1: unapata 4.95. Gawa 240 kwa 4.95. Umebakiwa na 48.

Nguo na viatu umetumia vya watu 240, taarifa uliyorudi nayo ni ya watu 48.

Sasa chukua watu hao hao 240, lakini kumi kumi katika shehia 24. Hapo ni 9 mara 0.05, ongeza 1, ni 1.45. Gawa 240, unapata 165. Ndiyo maana ukiangalia namna Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inavyofanya uchunguzi wa kaya, inachagua maeneo mengi ya kuhesabia watu na katika kila eneo inachukua kaya chache.

Bint_Mtambwe:

Nauli ya shehia 24 atanipa nani Maalim?

MaalimTakwimu:

Basi badilisha kichwa cha tasnifu. Hiyo ni bure.

MtotoWaKonde:

Maalim kanimaliza. Mimi hilo nililijua nilipokwisha kumaliza.

Haya, nimerudi. Nilianza upya vipi? Msimamizi alinipa adhabu ambayo siku ile niliiona dharau. Alisema: "Nenda ukakae wiki mbili huko, usiulize mtu swali lolote la utafiti. Ukirudi niambie unataka kujua nini, kwa maneno ambayo bibi yako atayafahamu." Nilikaa. Niliteremka na wanawake pwani, nikabeba magunia (yanakata bega, msione), nikasikiliza. Sikwenda na karatasi, nilikuwa naandika usiku kwenye daftari: nani kasema nini, nani alikuwepo, kilichotokea, na mstari wa chini yale niliyoyafikiri mimi, nikiyatenga kabisa na yale niliyoyaona. Kutenga huko ni nusu ya kazi. Mwanzoni nilikuwa naandika "akina mama wamekata tamaa". Nimeona wapi tamaa? Nilichoona ni wanawake wawili wamekaa juu ya mwani mkavu wanasubiri gari la mnunuzi tangu asubuhi hadi alasiri. Andika hicho.

Baada ya wiki mbili sikurudi na "uwezeshaji". Nilirudi na swali hili: pesa za mwani zikiingia ndani ya nyumba, nani anaziamulia, na inategemea nini? Bibi yangu alilifahamu. Akalijibu pia, kwa dakika arubaini, lakini hayo si ya hapa.

Angalieni neno uwezeshaji lilivyo. Halionekani, haligusiki, mkulima hawezi kukwambia ana uwezeshaji kiasi gani. Lazima ulishushe mpaka lifike kwenye kitu alichokifanya mtu siku fulani. Kwenye dodoso la kwanza niliuliza "Je, mwani umekupa uwezo wa kufanya maamuzi?" Nakubali. Kwenye la pili niliuliza: "Mara ya mwisho nyumba hii kununua bati, kitanda au sare za skuli, kilinunuliwa nini? Pesa zilitoka wapi? Nani alisema kinunuliwe?" Mtu hawezi kulijibu hilo kwa adabu tu. Lazima akumbuke. Na pesa za mwani nyingi ndizo zilizoezeka bati kwetu tangu zao hili lilipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kule pwani ya mashariki ya Unguja, kwa hiyo ukimuuliza mtu habari za bati umemgusa pale penyewe.

Na kipato kikawa: "Mara ya mwisho ulipouza mwani, ilikuwa bamvua gani? Uliuza kilo ngapi za mkavu? Ni spinosum au cottonii?" (ndizo aina mbili za mwani). Hilo la mwisho usiliache, bei zake haziko sawa, na huo cottonii ukipigwa na joto unaoza, kwa hiyo mwenye cottonii anaweza kuwa juu msimu huu na chini msimu ujao.

Pengo la utafiti. Naomba nilisemee hili kwa ukali kidogo. "Utafiti huu umefanywa Ghana na Kenya lakini haujafanywa Pemba" si pengo. Pemba hakujafanywa utafiti wa mambo elfu. Niambie Pemba kuna nini kinachofanya majibu ya huko yasitoshe huku. Kwangu mimi ilikuwa uke wenza. Machapisho mengi niliyoyasoma yanachukulia kaya ni mume, mke, watoto, paa moja, na "mkuu wa kaya" mmoja. Sasa mtu ana wake wawili, mmoja Konde mmoja Wete, analala kwa zamu. Mkuu wa kaya ni nani siku ambazo hayupo? Sensa ya 2022 imelitatua hilo kwa njia yake: mtu kahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, na ndivyo Zanzibar ikapata watu 1,889,773. Kwa kuhesabu vichwa, sawa sawa. Kwa swali la nani anaamua pesa, haitoshi, kwa sababu mume aliyelala Wete anaweza kuwa ndiye aliyesema bati la Konde lisinunuliwe. Hapo nilikuwa na pengo.

Kijana_wa_Dago:

Kaka mimi nataka kusoma wavuvi wa Kojani wanaokwenda dago, kambi za uvuvi za mbali. Hawana orodha, leo wako huku, mwezi ujao wako Tanga au kusini huko. Yamane nampataje?

MtotoWaKonde:

Humpati, na usimtafute. Pasipo na orodha hapana nasibu ya kweli, sema hivyo waziwazi kwenye tasnifu. Anza na nahodha mmoja unayefahamiana naye, akupeleke kwa mwenziwe, na yule kwa mwingine. Ila usianze na mmoja tu, maana utazunguka ukoo mmoja mpaka umalize masta. Anza na watatu au wanne wasiojuana: wa jarife, wa mshipi, mpishi wa dago, mwanamke anayebaki nyumbani. Na wewe usiwe na haraka ya idadi. Swali lako ni la namna gani, si la wangapi.

Kijana_wa_Dago:

Sasa nikihoji bila fomula nitajuaje wametosha? Jopo litaniuliza.

ShogaWaWete:

Hili niachieni mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kuna uchunguzi mmoja maarufu uliochapishwa 2006. Watafiti walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakarudi nyuma kutazama ni lini mambo mapya yaliacha kutokea. Waliona mengi yameshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo, na mambo makuu hata kwenye 6. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi anaandika "12" kama aya. Lakini wale wanawake walikuwa wanafanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Wewe una nahodha, mpishi na mke wa mvuvi, kila mmoja dunia yake. Fanya hivi: kila ukimaliza mahojiano, andika usiku huo huo ni jambo gani jipya umelipata. Weka idadi yake kwenye jedwali. La kwanza mapya 14, la pili 9, la tatu 6… ukifika pahala unapata sifuri, sifuri, moja, sifuri, jedwali hilo ndilo utakalolionesha jopo. Hawatokuuliza tena.

Na nyinyi wanaume mnaokwenda kuhoji wanawake Micheweni, jamani. Mnakaa naye wapi? Ukikaa ndani, jirani anaona. Ukikaa ukumbini, mashemeji wanasikia. Nilimsaidia mwenzenu mmoja wakati fulani, mwanamume, yeye alimhoji bibie mbele ya kaka wa mume, akapata "mume wangu ndiye anayeamua, alhamdulillah". Nikaenda mimi siku nyingine, tukakaa uani anakuna nazi, akaniambia ana pesa kwa shangazi yake ambazo mume hazijui. Nyumba ile ile, mtu yule yule. Nani kasema kweli? Wote wawili, na ndiyo maana kwenye tasnifu lazima uandike nani alihoji, wapi, na nani alikuwa anasikia. Hilo halimo kwenye sura ya tatu nyingi nilizozisoma.

Na sheha, mkuu wa shehia. Sheha unakwenda kwake, unampa barua, unamheshimu, unakunywa chai yake, halafu unamwomba asikufuate. Ukitembea naye nyumba hadi nyumba, watu wanafikiri ni msaada au ni uchaguzi. Mwaka wa uchaguzi ndiyo usiseme, usiende kabisa na karatasi inayoandika majina.

Bint_Mtambwe:

Dada ShogaWaWete, kuandika mahojiano kutoka kwenye simu kunanimaliza. Nimerikodi 9 tu.

ShogaWaWete:

Saa moja ya sauti hunila mimi saa tano, na nina uzoefu. Pole mwenzangu, hakuna njia ya mkato inayokifahamu Kipemba. Ila usifanye kosa nililolifanya: nilikuwa nasikia Kipemba, naandika Kiswahili sanifu, halafu natia Kiingereza kwa ajili ya tasnifu. Vitu viwili vinapotea njiani.

Mfano. Mama mmoja kasema: "Mwani siku hizi hauna baraka." Mimi nikaandika kwa Kiingereza kwamba mwani hauna faida. Msimbo, yaani jina la mada ninalolipa kila kauli, nikauita "bei ndogo". Nilipokuja kusoma tena yale maneno yake yote, nikaona mbele kidogo anasema bei imepanda. Sasa? Baraka si faida. Alikuwa anasema pesa zinaingia na hazikai, kila zikija kuna ugonjwa, kuna harusi, kuna deni la duka. Ni jambo jingine kabisa, linahusu pesa zinakokwenda, halihusu mnunuzi. Nikaurudia msimbo ule, nikatafuta "baraka" kwenye mahojiano yote, nikaikuta mara nyingi. Sura ya nne yangu nzima, ile ya matokeo, ikaja kukaa juu ya neno hilo.

Kwa hiyo acha maneno yao kama yalivyo. Weka misimbo juu ya maneno hayo, siyo juu ya tafsiri. Kiingereza kije mwisho, na neno zito liache kwa Kiswahili ulifafanue.

Forodhani_Usiku:

Mimi naomba radhi kwa la mwanzo. Nami ni masta, nilikuwa natania nusu. Sasa nina programu gani ninunue?

MtotoWaKonde:

Haina neno, karibu. Usinunue. R na jamovi ni bure. Kwa kukusanya, KoboToolbox inakaa kwenye simu na inarikodi saa dodoso lilipoanza na lilipomalizika. Ningekuwa nayo siku zile, dodoso la maswali 48 lililojazwa kwa dakika nne chini ya mwembe lingejitangaza lenyewe. Na mdodosaji mlipe kwa siku.

Kabla ya hayo yote, chora majedwali matupu. Ndiyo, kabla hujakusanya chochote. Kila swali la dodoso liandikie litaingia kwenye jedwali gani la sura ya nne, safu gani, mstari gani. Swali lisilo na pahala pa kukaa litoe. Mimi maswali 48 yalibaki 19. Halafu chukua watu kumi wasiomo kwenye sampuli, uwasomee, na baada ya kila swali umuulize: "Hapa umefahamu naulizwa nini?" Utacheka peke yako. Nilikuwa na swali juu ya "rasilimali", watu saba kati ya kumi wakanitajia mabomba na barabara ya serikali, mimi nilikuwa nauliza kuku na mbuzi wao.

Vibali msichukulie mzaha. Unaanza na kibali cha utafiti cha serikali, kisha wilayani, kisha sheha, na kama mada inagusa afya kuna kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, inachukua muda wake. Ombeni mapema, siyo wiki unayotaka kusafiri. Wa historia, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani na zina taratibu zake, hamna haja ya bamvua.

Ridhaa: niliwatolea fomu watie saini. Wengi walirudi nyuma. Saini kwao ni mkopo au kiwanja. Nikaomba nirikodi ridhaa kwa mdomo, kamati ikakubali, mambo yakaenda. Na majina ya shehia nimeyaficha kwa sababu kijiji kidogo ukisema "mjane mwenye watoto sita, mke wa pili, analima cottonii", hata usipomtaja jina kila mtu anamjua, na yeye kaniambia habari za pesa zilizoko kwa shangazi… hapana, huyo wa ShogaWaWete. Wangu ana zake.

MaalimTakwimu:

Hilo la majedwali matupu nawafundisha kila mwaka, na kila mwaka wanaona nawapotezea muda.

Bint_Mtambwe:

Nimekaa tangu alasiri nimeandika upya. Kichwa kimekuwa shehia tatu, siyo Pemba. Dodoso limebaki na maswali 22. Naomba mnitazamie hili moja tu: "Je, pesa za mwani zimekusaidia kusomesha watoto na kujenga nyumba?"

MtotoWaKonde:

Hayo ni maswali mawili, na yote mawili yanamwonesha mtu jibu unalolitaka. Aliyesomesha asijenge akujibu nini? Lipasue. "Mwaka huu umelipia nini skuli? Pesa zilitoka wapi?" Nyumba nayo lake peke yake.

Bint_Mtambwe:

Sawa. Yatakuwa 23 basi. Na bamvua lijalo ni lini, nisije nikaangukia kama wewe?

MtotoWaKonde:

Mwezi ukiandama. Wewe nenda maji mafu, bahari isipotoka mbali, utawakuta nyumbani.